Nane au Kumi

Nilivua miwani nikaiweka juu ya kioo cha kabati.
Hasmukh akatoa darubini mbili, akazilaza kwenye kitambaa cha kijani
kama mkunga anayelaza mapacha.
Hii hukuza mara nane, alisema, na hii mara kumi.
Bei akaiandika kwenye karatasi, akailaza kifudifudi.

Sikuifunua. Naijua.
Ni hisa zangu za chama, miaka thelathini na mmoja
ya kusimama gizani katika chumba cha eksirei
nikiwaambia watu: vuta pumzi, ishikilie, usitikisike.
Mbavu zote nilizowahi kusoma zilikuwa zimekatazwa kupumua.
Sasa nataka kuona kifua kikipanda na kushuka
bila amri ya mtu.

Kemunto, binti yangu, aliuliza: Mama, kwa pesa hizo
si ungeezeka nyumba ya Nyamira?
Mabati, nikamjibu, nayaona hata bila miwani.

Nilianza na ile ya kumi. Nani hapendi kikubwa?
Hasmukh akaniruhusu kutoka nayo hadi kizingitini, Mtaa wa Biashara,
bora Ekiru asimame nami.
Ekiru ndiye askari wa duka: rungu kiunoni,
macho kwenye viatu vyangu, akipima kama vinaweza kukimbia.
(Vina soli za mpira. Vina miguu ya miaka sitini na miwili.)

Juu ya paa la ng'ambo alisimama kongoti,
shingo kaikunja kama mdai anayengoja ofisi ifunguliwe.
Nikainua darubini. Akaja mzima mzima, akaja karibu mno,
akaanza kutetemeka.
Nikadhani ni baridi ya Julai. Nikadhani ni yeye.
Ni mikono yangu.
Ile ya kumi hukuza kila kitu,
hata ulichokuja nacho mfukoni.

Nikashika ya nane.
Kongoti akapungua kidogo, akatulia.
Mwanga ukamiminika
kama mtu kafungua mlango wa jikoni wa upande wa mashariki.
Nikaona upara wake, madoa, vinywele vitatu vilivyokataa kung'oka,
na chini ya mkia manyoya meupe, laini, ambayo sikujua kama anayo:
hariri ndani ya gunia.

Nikampa Ekiru. Hakutarajia.
Akaipanua kidogo (macho yake yameachana kuliko yangu),
akanyamaza kwa muda mrefu kwa mtu aliye kazini.
Kisha akataja jina kwa Kiturkana, si kwangu,
kwa mtu aliye mbali kuliko paa.
"Ana uzi mguuni," akasema. "Wa kushoto. Umemkaza."
Mimi niliyelipwa maisha yangu yote kwa kutazama
sikuwa nimeuona.

Nikalipa ya nane.

Macho hayana pazia, walisema wahenga;
haya mapya yanayo, vifuniko viwili vya mpira,
na Jumapili alfajiri, msituni Karura, nilisahau kuvifungua
nikashangaa kiza cha bei ghali.
Baada ya hapo, saa mbili nzima: kima mmoja. Jani lililonidanganya.
Kwarara wakipita juu wakizozana, mgongo wao kwangu.
Ndege hajui bei.

Halafu, kwenye ua jekundu la mwambaa, chozi.
Yule ndege, nasema, si lile la jicho,
ingawa lile nalo halikuwa mbali.
Koo lake liliwaka, likazima, likawaka,
na chini ya koo, pale nilipopangoja miaka yote hiyo,
kifua kidogo kuliko kidole gumba
kilipanda, kikashuka, kikapanda.
Aliyeshikilia pumzi ni mimi.

Jumatatu nilipita tena Mtaa wa Biashara.
Paa lilikuwa tupu.
Kabla sijamsalimu, Ekiru alinyoosha mkono,
akaniambia: lete, yuko kule nyuma ya benki,
nimekuwekea.